Sketi Mbili za Mbulu

Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu walikuwa na sketi ya ngozi ambayo leo ni rahisi kuiona kwenye makumbusho ya ng'ambo kuliko Mbulu kwenyewe. Ni ngozi iliyokwanguliwa manyoya, ikalainishwa kwa mafuta mpaka ikalegea kama kitambaa, kisha ikashonewa shanga ndogo za kioo: nyeupe, buluu, nyekundu, manjano. Shanga hazikumwagwa ovyo. Zimepangwa kwa mistari, pembe na miviringo, na mshonaji ilimbidi ajue tangu mwanzo mstari utaishia wapi, kwa kuwa ngozi haisamehe: tundu lililotobolewa mahali pabaya halizibiki. Kioo chenyewe kilitoka mbali, Venice na Bohemia, kikabebwa na misafara kutoka pwani miaka mingi kabla msafiri wa Kizungu Oscar Baumann hajapita nchi ya Wairaqw mwaka 1892. Hapo tu pangetosha kumnyamazisha anayedhani kwamba mapambo ya asili ni yale yasiyoguswa na biashara ya dunia. Malighafi ilikuwa ya kigeni. Mpangilio ulikuwa wa Mbulu.

Swali langu ni kwa nini ushonaji huo ulikatika. Jibu linalotolewa haraka ni nguo. Merikani ilikuja, ikafuata kaniki, ikafuata khanga, na nani atahangaika kukwangua ngozi wiki nzima wakati dukani kuna doti ya bei nafuu? Jibu hili lina ukweli kwa vazi la kila siku. Lakini sketi ya shanga haikuwa vazi la kwendea shambani. Ilihusiana na marmo, unyago wa wasichana wa Kiiraqw, ambapo wali walikaa ndani miezi mingi chini ya wanawake wakubwa, wakifunzwa mambo ya utu uzima wa mwanamke. Humo ukumbini ndimo kulikuwa na vitu vitatu ambavyo kazi ya namna hii haiwezi kwenda bila kuwa navyo: muda mrefu usiodaiwa na jembe, wasichana wengi wa rika moja wanaotazamana mikono, na mwalimu mwenye mamlaka ya kusema fumua, anza tena. Kufikia miaka ya 1930 marmo ilikuwa imepigwa marufuku chini ya utawala wa Mwingereza. Hakuna aliyehitaji kukataza sketi. Ilitosha kuifunga nyumba iliyokuwa ikiishona.

Ushahidi wa kupima hoja hii hauko mbali. Upo chini tu ya mlima, Hanang. Wabarbaig, tawi la Wadatooga, nao walikuwa na sketi yao ya ngozi, hanang'weend, vazi la mwanamke aliyeolewa. (Jina linafanana na la mlima, lakini mfanano wa sauti ni msingi dhaifu wa kujengea historia.) Kwa mapambo haikuifikia ile ya Kiiraqw. Uzuri wake uko kwenye mkato: vipande virefu vyembamba vya ngozi vinavyoning'inia na kuyumba mwanamke anapotembea. Kwa miaka mingi ya ukoloni Wairaqw na Wabarbaig walitawaliwa kutoka boma moja la Mbulu, wakalipa kodi ileile, wakanunua katika maduka na minada ileile. Kama nguo ya dukani ndiyo iliyoua, ingeua zote mbili. Hata hivyo Astrid Blystad, aliyeandika juu ya Wadatooga katika miaka ya 1990, aliikuta hanang'weend ikivaliwa bado na kuheshimiwa kama kitu kitakatifu.

Ilibaki kwa sababu ilikuwa na kazi ambayo khanga haiwezi kuifanya. George Klima, aliyeishi kwa Wabarbaig katika miaka ya 1950, alieleza katika makala ya mwaka 1964 baraza la wanawake ambalo lina uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyevunja haki za mwanamke, kumtoza ng'ombe, na kumlaani akikaidi. Ngozi anayovaa mwanamke ni sehemu ya hadhi inayompa nafasi katika mambo hayo. Mwanamke anayeivua daima anavua zaidi ya vazi. Zaidi ya hapo, baraza la namna hiyo halina jengo wala msimu. Huitishwa likihitajika, kisha watu hutawanyika. Afisa wa serikali angelipiga marufuku wapi na lini? Marmo ilikuwa na nyumba, ilikuwa na miezi, ilikuwa na wasichana wanaohesabika, kwa hiyo ilikamatika.

Atasimama mtu aseme nimesahau kanisa. Wairaqw waliingia Ukristo kwa wingi kuliko Wabarbaig. Mbulu ikawa jimbo la Kikatoliki mwaka 1953, Walutheri nao wakafungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Pingamizi hili ni zito kuliko lile la nguo, na sidai kulifuta. Muumini mpya asingempeleka binti yake ukumbini hata kama sheria ingemruhusu. Ila tazama tarehe. Jimbo na hospitali vilikuja takriban miongo miwili baada ya marufuku. Kanisa lilizuia kurudi kwa jambo ambalo tayari lilikuwa limevunjwa. Mwingine atasema Wabarbaig ni wafugaji, na wafugaji hushikilia ya kale. Hilo ni kuzungukia swali, maana kushikilia ndiko kunakotakiwa kuelezwa. Tena hawakuachwa kwa amani: mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya mkoa wa Arusha, ambamo Mbulu ilikuwemo, iliendesha kampeni ya kuwavisha wafugaji "kisasa", na baadaye mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalichukua malisho yao.

Mfano wa mbali unasaidia kuona sura ya jambo hili. Huko Wales wanawake walikuwa wakishona mafarishi mazito kwa mkono, tabaka mbili za kitambaa na sufu katikati, wakichora kwanza ruwaza kwa chaki: miviringo, mioyo, majani. Chaki hiyo hufutika. Kinachobaki ni mishono, na anayetazama farishi lililokamilika hawezi kujua mchoraji alianzia katikati au pembeni, alipimaje, aligeuzaje kona. Elimu hiyo ilikaa kwa watu. Kazi ilipokuwa inafifia, shirika la umma la viwanda vya vijijini liliingia kuanzia mwaka 1928, likalipa wajuzi wafundishe wasichana na kuwatafutia wanunuzi London. Yaani katika miaka karibu ileile, dola moja ilifungua darasa la kushona Wales na darasa jingine lilifungwa Mbulu chini ya bendera yake. Sidhani kuna aliyekaa akapanga hivyo. Aliyeona darasa Wales aliona darasa. Aliyeona marmo aliona unyago tu.

Ndiyo maana sketi zilizohifadhiwa haziwezi peke yake kuturudishia kazi hiyo. Fundi wa leo wa Mbulu au Hanang anaweza kunakili shanga moja moja kutoka kwenye picha na akapata kitu kizuri, lakini atakuwa amenakili mwisho wa kazi bila mwendo wake. Hata usomaji wa alama umelegea. Wapo wanaouona mviringo kuwa jua, na jua kwa Wairaqw ni Lo'a, Mungu mwenyewe, kwa hiyo tafsiri hiyo haikosi mashiko. Lakini waliofaa kuulizwa ni wale wanawake wakubwa wa ukumbini. Katika orodha za wakusanyaji na wauzaji wa sanaa, sketi hizi mara nyingi zimeandikwa jina rahisi kuuzika: sketi ya harusi. Marmo haikuwa harusi.