Kidhibiti mikro na bodi yake ya kujaribia

Umeme wa Budana, bwawa la mto Shari lililojengwa enzi za migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, unawasha sehemu ya mji wa Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo. Gety, iliyo kusini zaidi katika utawala wa kimila wa Walendu-Bindi, eneo la Irumu, inategemea jua. Paneli juu ya bati, betri ya volti 12 chini ya meza, na jenereta kwa mwenye fedha ya mafuta: ndivyo simu zinavyochajiwa, ndivyo taa za usiku zinavyowaka. Betri ikichoka bila mtu kujua, kazi ya usiku inasimama.

Anayetaka kuilinda betri hiyo saa zote hahitaji kompyuta. Anahitaji chipu moja inayoweza kupima, kuamua na kupiga kengele. Wanafunzi wa Ituri, wanaosoma sayansi kwa Kifaransa, wanaijua kwa jina la microcontrôleur. Kwa Kiswahili, jina linalostahili kusimama ni kidhibiti mikro.

Neno kidhibiti si geni. Masharti ya magari ya abiria yanayoitwa matatu yalipoanza kutekelezwa Kenya mwaka 2004, kila gari la aina hiyo lilitakiwa kufungwa kidhibiti mwendo ili lisizidi kilomita 80 kwa saa. Kifaa hicho hupokea taarifa ya mwendo, huilinganisha na kikomo, kisha huchukua hatua. Kidhibiti mikro hufanya kazi ya aina hiyohiyo, ila kikomo na hatua huandikwa na mtumiaji mwenyewe kwa programu: leo kinalinda betri, kesho pampu ya maji. Wapo wanaopenda kusema kidhibiti kidogo, lakini kidogo ni sifa ya umbo, na valvu ya mtungi wa gesi nayo ni kidhibiti kidogo. Mikro inaonyesha kwamba hii ni aina ya kifaa.

Kisichanganywe na kichakataji mikro. Kichakataji hufanya hesabu tu, na kumbukumbu na milango ya ishara hukitegemeza kutoka nje. Kidhibiti mikro hukusanya vyote hivyo ndani ya chipu moja, kama TMS1000 ambayo Texas Instruments ilianza kuiuza mwaka 1974. (RP2040, itakayozungumziwa hapa chini, inaivunja kanuni hii kidogo: programu zake hukaa kwenye chipu ya pembeni.)

Ugumu wa tafsiri uko kwenye bodi. Mwenye kufasiri jina la Kifaransa, carte de développement, neno kwa neno atapata kadi ya maendeleo au bodi ya maendeleo. Ya kwanza, kwa mtu wa Ituri, inaelekea kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi imetumika kama kitambulisho. Ya pili inasomeka kama chombo cha serikali chenye mwenyekiti na wajumbe, kama Bodi ya Pamba au Bodi ya Korosho kule Tanzania, na neno maendeleo mashariki mwa Kongo limezoea kuandamana na miradi ya mashirika. Kinachokusudiwa ni kibao cha saketi ambacho chipu imekwisha kulehemiwa juu yake na pini zimetolewa pembeni, ili mtu ajaribu wazo kabla ya kutengeneza kifaa kamili. Bodi ya kujaribia inaitaja kazi hiyo waziwazi. Bodi yenyewe ibaki, maana mafundi wa simu na redio wanaitumia kila siku kwa maana ya saketi.

Jina likishaeleweka, linasaidia hata kuchagua cha kununua. Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa bei ya dola 4, ni mfano mzuri wa kupimia. Ina urefu wa milimita 51 na upana wa milimita 21, chipu ya RP2040 yenye viini viwili vya megahezi 133, kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 264 na megabaiti 2 za kuhifadhia programu. Hizo ndizo namba zinazojaza matangazo, na kwa kazi za Gety zina uzito mdogo. Volti ya betri hushuka polepole kwa saa nyingi. Arduino Uno ya mwaka 2010, yenye megahezi 16 na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, ingeipima bila shida. La kuuliza kwanza ni hili: programu inaingiaje ndani ya bodi, na ikiharibika, inatokaje?

Hapo ndipo herufi tatu za USB zinapoamua. Fundi anabonyeza kitufe cheupe kilichoandikwa BOOTSEL, anachomeka kebo kwenye kompyuta huku kidole kikiwa palepale, kisha anaachia. Kwenye skrini inatokea hifadhi inayoitwa RPI-RP2, kama flashi yoyote. Anaburuta faili moja na kuliachia ndani yake. Hifadhi inatoweka, bodi inajiwasha upya, na kama programu ni ile ya kwanza ya kujifunzia, taa ya kijani inaanza kuwaka na kuzima. Hakuna dreva iliyosakinishwa wala intaneti iliyotumika. MicroPython, lugha iliyoanzishwa na Damien George mwaka 2013, na Thonny, programu ya kuandikia iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu huko Estonia, zinaweza kupakuliwa mara moja mjini Bunia, zikawekwa kwenye flashi na kusafiri hadi Gety. Zaidi ya hapo, maagizo yanayoifanya bodi ijionyeshe kama flashi yamo katika kumbukumbu isiyofutika ndani ya chipu. Mwanafunzi akikosea programu kwa kiwango chochote, kitufe kilekile kinamrudisha mwanzo. Sifa hiyo moja inazidi megahezi zote, hasa pale ambapo bodi ya pili iko safari nzima mbali.

Blue Pill, bodi ya bluu yenye chipu ya STM32F103 na megahezi 72, inaonyesha upande wa pili. Kwenye karatasi inavutia, na bei yake ni ndogo. Lakini nyingi zilitengenezwa zikiwa na rezista ya kiloomu 10 kwenye waya wa USB mahali panapotakiwa kiloomu 1.5, hivyo kompyuta moja inaitambua na nyingine inaikataa. Kwa kawaida pia huja bila programu ya kupokelea kazi kupitia USB, na mnunuzi analazimika kutafuta kifaa kingine cha kuiingizia. Juu ya hayo, soko lake limejaa chipu za kuiga. Nakala rahisi za Arduino Uno ni salama zaidi, ingawa nyingi hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na kompyuta, na kompyuta ya zamani itadai dreva. ESP32 ya Espressif ina Wi-Fi ndani yake, jambo zuri palipo na mtandao. Inapotuma, hata hivyo, hufyonza mamia ya miliampia kwa mpigo, na vifurushi vyake vya kuandikia programu ni vizito kupakua kwa bando la simu.

Kebo nayo ipimwe. Kebo nyingi za kuchajia hazina nyaya za data, na mtu anaweza kuilaumu bodi nzima bure. Njia rahisi ni kuunganisha simu na kompyuta kwa kebo hiyohiyo: picha zikionekana, kebo ni nzima.

Baada ya USB unakuja umeme. Pico hukubali kati ya volti 1.8 na 5.5, kwa hiyo betri ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja itaiua. Chaja ya simu ya kwenye gari, ile ya kuchomekwa kwenye tundu la kiberiti, hushusha volti 12 hadi 5 na inapatikana kwa urahisi. Ili betri ipimwe, volti yake hugawanywa kwa rezista mbili, kwa mfano kiloomu 100 na kiloomu 22: volti 12 zinafika kwenye pini zikiwa takriban 2.2, na hata betri ikichajiwa hadi 15 pini inapata takriban 2.7, chini ya kikomo cha 3.3. Kipimo cha RP2040 si cha kujivunia. Kinatangazwa kuwa cha biti 12, ilhali usahihi wake halisi hauzidi biti 9. Kwa mgawanyo huu, hatua moja ya kweli ni kama milivolti 40 za betri. Betri ya asidi iliyopumzika ikisoma volti 12.2 imebaki na takriban nusu. Tofauti ya milivolti 40 haibadilishi uamuzi wa kuzima taa za nje na kuacha za ndani. Wastani wa vipimo kadhaa utaituliza zaidi. Nyaya za kupimia ziwe fupi, maana mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, na waya mrefu hukusanya mishtuko inayoua chipu.

Kuna upungufu ambao tangazo halitaji: Pico haina betri ya saa. Umeme ukikatika, tarehe inapotea, na kumbukumbu ya vipimo isiyo na tarehe haimsaidii mtu. Kibao cha saa cha DS3231, chenye betri ya sarafu, huongezwa pembeni na hutunza saa kwa kosa la takriban dakika moja kwa mwaka. Bei yake ihesabiwe tangu mwanzo, pamoja na kadi ya kuhifadhia na kisanduku kisichoingiza vumbi.

Kazi moja haifai kukabidhiwa bodi ya kujaribia: ulinzi wa jokofu la chanjo. Ituri inaujua uzito wa baridi. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, chanjo ilihifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Chanjo za kawaida hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na vinasa joto kama Fridge-tag vimepimwa kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani. Hupiga kengele joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60. Kihisi cha DS18B20, kinachopendwa na wanaojifunza, kinaruhusiwa kukosea kwa nusu nyuzi hata kikiwa halisi, na cha kuiga kinaweza kukosea zaidi. Kinasa kilichoidhinishwa kibaki kwenye jokofu. Bodi ya dola 4 ifungwe kwenye betri za taa na pampu, na kwa wiki ya kwanza namba zake zilinganishwe asubuhi na jioni na mita ya fundi kabla ya kengele yake kuaminiwa usiku.