Viungo vya Roboti Kati ya Ruiru na Thika

Neno roboti, msomaji mpenzi, lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek iliyochapishwa mwaka 1920. Katika Kicheki, lugha ya mwandishi huyo, asili yake ni kazi ya shokoa. Wengi hudhani kuwa chombo hiki ni mgeni wa jana nchini Kenya. Walakini, ukikifungua na kuvitazama viungo vyake kimoja kimoja, utaona kwamba Ruiru na Thika zilivipokea zamani, kila kimoja kwa zamu yake.

Magurudumu ya chuma na mihimili yake yalikuja kwa reli, iliyotoka Nairobi ikafika Thika mwaka 1913.

Msuli wa roboti ni mota. Mwanzoni mwa karne ya 20, maji ya mto Ruiru yalitumikishwa kuwasha taa za Nairobi. Maji yalizungusha gurudumu, na gurudumu likaendesha dinamo. Kwa maana sumaku ikizunguka karibu na waya uliosokotwa, umeme huzaliwa, kama Michael Faraday alivyogundua mwaka 1831. Igeuze kazi hiyo: tia umeme katika waya, na mhimili utazunguka wenyewe. Hiyo ndiyo mota. Anayeijua dinamo ameijua mota pia.

Lakini mota ndogo ina mbio nyingi na nguvu haba. Dawa yake ni gia. Gurudumu lenye meno 10 likiendesha lenye meno 40, la pili huzunguka mara 1 wakati la kwanza limezunguka mara 4; mwendo hupungua, na nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara 4. Gia za namna hiyo zilipita mikononi mwa mafundi wa Thika katika miaka ya 1970, kilipoanzishwa kiwanda cha Leyland Kenya cha kuunganisha magari.

Kiungo cha mwisho ni transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947. Ni swichi isiyongoja kidole: umeme kidogo huamuru umeme mwingi. Elimu ya kuiunga na gia na mota hufundishwa Juja, katikati ya Ruiru na Thika, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani.

Basi viungo vyote vimekwisha kufika. Lakini kuunganisha si kubuni. Afungaye skrubu asijue kwa nini gia ina meno 40 wala si 30, hutumikia fikira za mwingine. Na hiyo nayo ni shokoa. Kwa hiyo, ukikuta redio iliyokufa au pampu mbovu, usiipite. Ifungue, hesabu meno, fuata nyaya, uliza sababu ya kila kipande. Ajuaye sababu hiyo ndiye atakayetengeneza kipande kingine kilicho bora.