Hela yenye herufi T

Neno "hela" tunalolitumia kila siku dukani lilizaliwa mwaka 1904, Wajerumani walipoigawa rupia yao katika heller 100 badala ya pesa 64. Kwa hiyo mkulima wa Kilosa akikuonyesha sarafu aliyoifukua kwa jembe na kuiita hela ya Mjerumani, usimcheke. Muulize tu kama ameiona herufi yake ndogo.

Herufi hiyo huonyesha sarafu iligongwa wapi: A ni Berlin, J ni Hamburg. Ukikuta T, pamoja na taji, herufi DOA (Afrika Mashariki ya Kijerumani) na mwaka 1916, umeshika kitu cha Vita vya Kwanza vya Dunia. T ni Tabora. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, sarafu haziingii, na askari wanataka mishahara. Karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha fedha. Heller 20 ziligongwa kwa shaba, nyekundu na ya njano, na ugongaji wake ni wa ufundi wa dharura, hauna ulaini wa Berlin. Rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo aliyeinua mkonga, ilitokana na mgodi wa Sekenke. Hiyo ukiuziwa kwa bei ya kuku, jua umeuziwa ya bandia.

Kazi hiyo ilidumu miezi tu. Reli iliyofika Kilosa mwaka 1909 ndiyo iliyowavutia maadui: Agosti 22, 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, aliyepigana upande wa Waingereza, yaliingia mjini, kisha vita vikashuka kusini, upande wa Mikumi na Kidodi, kuelekea Mto Ruaha. Septemba 19 Wabelgiji wakaichukua Tabora.

Noti nazo zilichapwa hapa hapa nchini. Za mwaka 1917, zilizotengenezwa porini, ziligongwa kwa mihuri ya mpira. Noti ya namna hiyo iliyonyooka na kung'aa mno ndiyo ya kutilia shaka.

Beji yenye swastika si ya vita hivyo, hata muuzaji aape vipi. Chama cha Hitler kilikuja baadaye. Beji hiyo ikiwa ya kweli, yaelekea iliachwa na walowezi wa Kijerumani waliorudi Tanganyika miaka ya 1920 na kukamatwa vita vya 1939 vilipoanza.

Vyeti vya askari Waafrika waliomtumikia Mjerumani ni adimu kuliko vyote. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoleta Mwanza malipo ya askari hao, sasa wazee, wachache tu walikuwa navyo. Wengine walipewa ufagio washike kama bunduki, wakaamrishwa kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea.

Ukipata sarafu, usiisugue kwa ndimu na majivu. Kutu yake ni sehemu ya ushahidi. Ukiona bomu au risasi nzima, iache ilipo, waite polisi. Na ndani ya Hifadhi ya Mikumi usichimbe wala usiokote kitu.