Uondoaji Grisi

Uondoaji grisi ni kazi ya kutoa mafuta yote yaliyotanda au kuganda juu ya kipuri mpaka chuma chenyewe kibaki wazi. Katika ufundi wa injini, kazi hii hufuata kufunguliwa kwa injini na hutangulia ukaguzi, upimaji na ufungaji. Kinachotumika kuifanya, kiwe mafuta, sabuni au kemikali ya dukani, huitwa kiondoa grisi.

Grisi katika istilahi hii ina maana pana kuliko ile ya gereji. Kwa fundi, grisi ni kilainishi kizito kinachojazwa kwenye beringi. Hapa inabeba pia oili ya injini, mabaki ya dizeli na tope jeusi linalokaa chini ya sampu. Haibebi kutu, wala kaboni iliyogandamana juu ya pistoni na nyuma ya valvu, kwa kuwa hizo haziyeyuki katika mafuta ya taa: kaboni hulowekwa ilainike, kisha hukwanguliwa kwa kijiti au plastiki ngumu isiyochuna alumini. Neno kuosha, linalosikika zaidi vinywani mwa mafundi, halitoshi kuwa istilahi, maana kipuri kinaweza kuoshwa kikang'aa na bado kikawa na mafuta.

Viondoa grisi ni vya aina mbili kuu. Vya kwanza ni viyeyushi, kama mafuta ya taa, dizeli na petroli, ambavyo huchanganyika na oili na kuibandua. Vya pili hufanya kazi ndani ya maji: chembe ya sabuni hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili, hivyo mafuta huchukuliwa na maji ya kusuuzia. Kostiki soda iko katika kundi hili na hufaa kwa chuma cha pua na chuma cha kusubu, lakini hula alumini na kutoa gesi ya hidrojeni, ambayo huwaka. Silinda hedi ya pikipiki, ambayo kwa kawaida ni ya alumini, haitiwi humo.

Katika gereji ndogo za Soweto West, Kibera, na za Kawangware, jijini Nairobi, mahali ambapo pikipiki za bodaboda ndizo kazi ya kila siku, aina zote mbili zina nafasi yake, na mpangilio ndio muhimu. Kwanza tope nene hukwanguliwa likiwa kavu. Kipuri hutiwa kwenye karai la mafuta ya taa na kusuguliwa kwa brashi, matundu ya oili yakipitishwa brashi nyembamba. Mafuta ya taa huacha utando wake mwembamba, kwa hiyo hatua ya pili ni maji ya moto na sabuni. Silinda iliyopigwa honi, yaani iliyosuguliwa ndani kwa jiwe ili ipate mikwaruzo midogo, huhitaji hatua hii kuliko kipuri kingine chochote, kwani kiyeyushi hakiondoi vumbi la jiwe la honi lililojificha mikwaruzoni. Husuguliwa kwa sabuni, kisha hupanguswa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi ya kijivu, kazi inarudiwa. Vumbi hilo likibaki husaga ringi mpya. Mwisho, matundu hupulizwa kwa upepo wa kompresa.

Kipimo cha kumaliza ni maji safi. Yakimwagwa juu ya kipuri na kutanda bila kukatika, mafuta yameisha. Yakijikusanya matone matone, utando bado upo. Juu ya utando huo gundi ya gasketi haishiki, na ufa mwembamba kwenye hedi hauonekani. Chuma kisicho na mafuta nacho hushika kutu upesi, hivyo silinda na krenkishafti hupakwa oili mpya mara tu zinapokauka.

Hatari kubwa ni moto. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka kwenye joto la takriban nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Petroli hufikia hali hiyo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini. Katika mtaa ambao nyumba zimebanana na jiko la makaa huwashwa mlangoni, karai la petroli huweza kushika moto likiwa mbali na jiko. Mafuta ya taa ni afadhali, ingawa nayo hukausha ngozi. Glavu za mpira usioharibiwa na mafuta zinafaa.

Mafuta machafu hayamwagwi mtaroni. Mitaro ya Kibera hushuka kuelekea Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuingiza vitu vya sumu kwenye maji. Mafuta ya taa yaliyotumika huachwa kwenye mtungi tope litulie chini. Yaliyo juu humiminwa na kutumika tena kwa uoshaji wa kwanza, na tope huwekwa pamoja na oili chakavu kusubiri mkusanyaji.