Mtweko: Jina la Mpangilio wa Matanga

Hapa Hima, Uganda, Ziwa George liko karibu, ila matanga hatuyaoni. Mitumbwi ya mbao ya Hamukungu na Kasenyi huenda kwa kasia au kwa injini. Hata hivyo mabaharia Waswahili walishafika kulitazama ziwa hili. Januari 1876 Henry Stanley alipiga kambi kwenye mwinuko unaotazama maji aliyoyaita Ghuba ya Beatrice, ambayo ndiyo Ziwa George la leo. Katika msafara wake walikuwamo watu wa Zanzibar walioizungusha mashua yake, Lady Alice, Ziwa Viktoria mwaka 1875. Stanley alikusudia kuishusha na huku, lakini hofu ya kushambuliwa ikamrudisha.

Katika lugha ya mabaharia hao, istilahi ninayoitafutia nafasi ni ya mpangilio mzima wa milingoti, matanga na kamba. Pwani chombo huitwa kwa umbo lake: jahazi, mashua, ngalawa. Mtepe, wenye tanga la mraba la mkeka, umeshatoweka, na vilivyobaki karibu vyote hutumia tanga la foromali, kwa hiyo mpangilio wenyewe haukudai jina. Anayenunua mashua ya kusafiria leo ana mipangilio kadhaa ya kuchagua, na jina analihitaji. Napendekeza mtweko, kutokana na kutweka tanga. Ni fupi, na linaungika vizuri na maneno mengine.

Mtweko wa foromali unabeba tanga kwenye boriti ndefu ya mshazari. Upepo ukitoka nyuma, chombo kinakwenda kwa raha. Taabu iko kwenye kubisha, yaani kwenda kwa mshazari dhidi ya upepo. Kila unapobadili upande, foromali lazima ihamishwe kuzunguka mlingoti na demani, kamba ya kuvutia tanga, izungushwe mbele, kwa hiyo nahodha hupitisha tezi (nyuma ya chombo) kwenye upepo badala ya omo (mbele yake). Kwenye jahazi kubwa hiyo ni kazi ya mabaharia wengi. Mume na mke peke yao hawaiwezi.

Slupu ina mlingoti mmoja na matanga mawili ya pembetatu, kuu nyuma ya mlingoti na jingine mbele. Kubisha ni kugeuza omo, kulegeza kamba ya upande huu na kukaza ya upande ule. Lakini chombo kikizidi urefu wa mita 12 hivi, tanga kuu huwaelemea watu wawili.

Hapo ndipo kechi, yenye milingoti miwili, inapopata wateja, na hapa hatuna haja ya kukopa jina. Mlingoti mdogo wa nyuma mabaharia wetu wanauita galme, basi huo ni mtweko wa galme. Upepo ukichafuka, unatua tanga kuu lote, unabaki na la mbele na la galme, na chombo hakipotezi mizani. Gharama yake ni kamba nyingi zaidi, na unapobisha, galme hupata upepo uliokwisha kuvurugwa na tanga kuu.

Kwa wawili wanaotaka kusafiri Lamu hadi Mtwara wakifuata kaskazi na kusi, ningechagua galme bila kusita. Ziwa George ni jambo jingine. Kina chake kwa wastani ni kama mita 2.4, kwa hiyo linataka slupu ndogo yenye ubao wa kuinua badala ya mkuku mrefu, na mlingoti unaoweza kulazwa, maana kwenda Ziwa Edward ni kupita Mfereji wa Kazinga, chini ya daraja la Katunguru.