Nyumba ya Cooper

Tukisoma kitabu cha Mwanzo, sura ya tatu, tunaona Mungu akimwita Adamu katika bustani na kumwuliza. Je, hakujua yaliyotendeka? Alijua yote. Lakini aliuliza kwanza, kisha akahukumu. (Nyoka peke yake hakuulizwa neno.) Leo tunapenda kuonyesha namna habari hiyo ilivyoingia katika tribinali ya Uingereza, kwa sababu ya nyumba moja iliyobomolewa.

London ya zamani zile ilikuwa mji wa uchafu mwingi. Kipindupindu kiliua maelfu ya watu mwaka wa 1853 na 1854. Basi mwaka wa 1855 sheria mpya iliweka mabaraza ya mitaa, ikayapa kazi ya kutunza njia na mifereji ya maji machafu. Kila mwenye kutaka kujenga nyumba alipaswa kupasha baraza habari siku saba mbele, ili aagizwe namna ya kupitisha maji. Asipofanya hivyo, baraza liliweza kubomoa. Sheria yenyewe ilikuwa njema, hatuilaumu.

Huko Wandsworth mjenzi mmoja, jina lake Cooper, alianza kujenga. Nyumba ilikwisha kufika orofa ya pili. Baraza, likisema halikupata habari yoyote, likatuma watu jioni, wakaibomoa, pasipo kumwita mwenyewe. Cooper alisema habari aliipeleka. Lakini tuseme kweli: hata kwa maneno yake mwenyewe, alianza kuchimba msingi kabla siku saba hazijatimia. Kosa alikuwa nalo.

Hata hivyo alilishtaki baraza, na mwaka wa 1863 akashinda. Avoka wa baraza alisema: sheria inaturuhusu kubomoa, haituamuru kumsikiliza mtu kwanza. Tunajua wakubwa wangapi, hata walio wema, wanaowaza hivyo: kosa liko wazi, ya nini kuuliza? Hakimu mkuu Erle alijibu kwamba kumsikiliza kusingalidhuru kitu. Labda barua ilipotea njiani, na baraza lingaliweza kutosheka na jambo dogo kuliko kubomoa. Hakimu Byles akaendelea zaidi: mahali sheria iliyoandikwa inaponyamaza, haki ya asili ya nchi inajaza pengo. Akakumbusha shauri la mwaka wa 1723, la Bentley, mwalimu mkubwa wa Cambridge, ambaye universite ilimvua daraja zake za masomo pasipo kumsikiliza. Ndipo hakimu Fortescue alipowataja Adamu na Eva: Mungu mwenyewe aliwaacha wajitetee, sembuse watu?

Baadaye mahakimu wengine waliipunguza nguvu hukumu hiyo, wakisema inawahusu tu wenye kazi ya kuamua mashauri. Lakini mwaka wa 1963 Baraza la Malodi, tribinali ya juu kabisa ya Uingereza siku zile, lilipopokea shauri la mkuu wa polisi wa Brighton, aliyefukuzwa kazi mwaka wa 1958 pasipo kusikilizwa, lilirudia nyumba ya Cooper, na mkuu yule akapata haki yake.