Namba 300,000,000,000 katika Historia ya Fedha ya Kongo

Kati ya mwaka 1967 na 1998 fedha ya Kongo ilibadilishwa mara tatu. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilitolewa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwishoni mwa Juni 1998 faranga ya Kongo ilirudishwa, moja kwa zaire mpya 100,000.

Hatua mbili za mwisho zikizidishwa, faranga moja ya mwaka 1998 ni sawa na zaire za zamani 300,000,000,000. Namba hiyo ina vigawo 288, ingawa namba tasa zinazoiunda ni tatu tu: 2, 3 na 5. Kugawanya kwa 2 na kwa 5 hakusumbui, kwani desimali zake hufika mwisho. Iliyosumbua ni 3. Noti kubwa za zamani zilianza na 1, 2 au 5 na kufuatiwa na sifuri. Hakuna hata moja iliyogawanyika kwa 3. Noti ya zaire 5,000,000 ilitolewa Desemba 1992. Tshisekedi, waziri mkuu, aliitangaza kuwa si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa kwayo wakaasi mjini Kinshasa Januari 1993. Kwa hesabu ya Oktoba noti hiyohiyo ilikuwa zaire mpya 1 na makuta 66, pamoja na theluthi mbili ya likuta ambayo hakuna sarafu ingeweza kuilipa. Waliochagua 3,000,000 badala ya 1,000,000 hawakumfikiria sana muuza unga. Kasai iliikataa zaire mpya na kuendelea na noti za zamani, ila huko siasa ilikuwa na uzito kuliko hesabu.

Kwa upande wa lugha, kiwango cha 1998 kilikuwa tayari na jina lake la Kiswahili: laki moja, neno lenye asili ya Bara Hindi. Juu ya milioni, mambo hutegemea shule. Milioni elfu moja huitwa bilioni mjini Dar es Salaam. Aliyesoma kwa Kifaransa mjini Goma huiita miliari, na kwake bilioni ni milioni mara milioni. Kwa hiyo “bilioni mia tatu” ni 300,000,000,000 kwa Mtanzania, yaani idadi ya zaire za zamani katika faranga moja ya 1998. Kwa msomaji wa Goma ni 300,000,000,000,000, ambayo, kwa sadfa, ndiyo idadi ya faranga za kabla ya 1967 zilizomo katika faranga hiyohiyo. Tofauti ni mara 1,000, kiwango kilekile cha 1967.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, bajeti na mikataba husomwa pande zote mbili za mpaka. Mfasiri wa Goma afadhali aandike tarakimu kwanza, kisha neno.